Ajali ndogo katika mji uliozaa boda boda

Msomaji, safari ya basi kutoka Nairobi hadi Busia humaliza kutwa nzima. Utateremka Bonde la Ufa, upande tena, uteremke hadi Kisumu, kisha ulipe kisogo Ziwa Victoria na kushika njia ya Maseno. Hapo pana alama ya kukuarifu kwamba unavuka ikweta, na abiria wageni huchungulia madirishani kana kwamba wataona mstari umechorwa shambani. Halafu Luanda, Yala, Ugunja na Bumala. Ukishapita Bumala huhitaji kumwuliza utingo kama mmekaribia. Malori yatakujulisha.

Malori hayo mengi yametoka bandarini Mombasa na yanakwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Hupanga foleni kando ya lami, moja nyuma ya jingine, na siku mbaya mkia wa foleni huwa kilomita kadhaa nje ya mji. Madereva hulala chini ya matrela yao, hupika chai, hufua mashati na kuyaanika kwenye vioo vya pembeni. Mji wenyewe umejipanga kwa ajili yao: vyumba vya kulala, vibanda vya samaki wa ziwani, ugali mweusi wa wimbi na muhogo, mafundi wa magurudumu, na wabadilishaji wa fedha wenye vitita vya shilingi za nchi mbili mikononi.

Maana Busia ni miji miwili yenye jina moja. Mmoja uko Kenya, wa pili uko Uganda, na watu ni wale wale. Wasamia wako huku na huku, Wateso vivyo hivyo, na si ajabu mtu kuzikwa upande mmoja na kuliliwa na shangazi waliotoka upande wa pili. Tangu Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walipofungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, nyaraka za msafiri hukaguliwa mahali pamoja, katika nchi anayoingia, maafisa wa serikali zote mbili wakiwa chini ya paa moja. Kabla ya hapo ulipigiwa muhuri huku, ukatembea, ukapigiwa tena kule.

Kutembea huko ndiko kulikozaa jina ambalo leo mtoto yeyote wa Nairobi analijua. Katika miaka ya 1960, kituo cha Kenya na kile cha Uganda vilitengana kwa mwendo ambao si mrefu kwa mtu mkono mtupu, lakini ni mateso kwa mama mwenye gunia. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Walifunga mto wa sponji juu ya kiti cha nyuma, wakasimama kwenye mpaka na kuita wasafiri kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilitamka kwa lafudhi ya huku: boda, boda! Mama alikaa upande, miguu yote kushoto, mzigo mapajani, na kijana akakanyaga pedali. Biashara ikaenea Malaba, ikaingia Kisumu na Kampala, ikafika kila mahali. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo zisizofika 250cc, baiskeli zikaanza kurudishwa vijijini na injini zikachukua kazi.

Hata hivyo si magurudumu yote ya zamani yaliyotoweka. Ukisimama mpakani utaona baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono na watu wenye ulemavu wa miguu. Hubeba bidhaa kuvuka mpaka na wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Wageni wengi huwatazama kwa huruma. Mimi ningekushauri uwatazame kama wafanyabiashara, tena wenye kujua bei za pande zote mbili kuliko wewe na mimi.

Basi tuje kwenye pikipiki. Ukishuka basi Busia utazungukwa na wahudumu wa boda boda kabla hujakanyaga chini. Chagua aliye na helmeti mbili, yake na yako. Sheria ya Trafiki inawataka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na fulana inayomeremeta, na inaruhusu abiria mmoja tu. Utawaona wengi wanaobeba watatu na mbuzi, lakini wewe huna ulazima wa kuwa wa nne. Panda kwa upande wa kushoto, kwa kuwa bomba la moshi huwa kulia na limeshawachoma watu wengi muundi. Mkishaondoka, angalia jinsi anavyopita kando ya yale malori. Hapo ndipo Busia ina hatari yake ya pekee, na hapo ndipo mimi nilipoangukia Agosti 2023.

Ukuta wa matrela umesimama upande wa kushoto. Upande wa kulia magari yanakuja mbio kutoka mpakani. Katikati pamebaki ujia ambao pikipiki inatosha, na kila baada ya matrela mawili kuna mwanya ambamo mtembea kwa miguu, mkokoteni au gari dogo laweza kuchomoza bila onyo. Dereva wa gari dogo haoni chochote mpaka pua ya gari lake itokeze barabarani, naye mwenye pikipiki haoni chochote mpaka pua hiyo iwe mbele yake. Piga hesabu. Pikipiki iendayo kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita 8 kila sekunde. Mtu aliye macho huchukua takriban sekunde moja kuona, kuelewa na kubana breki. Kama mwanya uko mita 10 mbele, mita nyingi zimekwisha kabla gurudumu halijaanza kupunguza mwendo. Na kwenye mwendo wa 60, nguvu ya kugonga si mara mbili ya ile ya 30, bali ni mara nne. Kijana wangu alikuwa anakwenda pole. Sina shaka hiyo ndiyo sababu ya makala haya kuandikwa.

Gari lilikuwa jeupe, lenye namba za Uganda. Lilichomoza, kijana akakata kulia, tairi la mbele likagusa bampa, na mara nikajikuta nimekaa juu ya lami nimejitegemeza kwa kiganja cha kushoto, helmeti imegonga mlango wa gari kwa sauti kama ya sufuria. Pikipiki ililala ikiendelea kunguruma. Kijana aliruka akaizima. Mimi nikasimama, nikajipangusa suruali, nikatafuta kiatu kimoja. Sikuhisi maumivu hata kidogo.

Hapa nakuomba, msomaji, tusiende haraka, kwa kuwa dakika kumi zinazofuata ndizo zenye uzito kuliko kishindo chenyewe.

Dakika ya kwanza ni ya watu. Sijui hutoka wapi. Kabla vumbi halijatulia kuna wahudumu wa boda boda ishirini wamezingira gari. Dereva wa mjini akiona hivyo moyo humdunda, na ana sababu. Mnamo Machi 2022, jijini Nairobi kwenye Barabara ya Profesa Wangari Maathai, ambayo wengi bado waiita Forest Road, mwanadiplomasia mwanamke alivamiwa na kudhalilishwa ndani ya gari lake na kundi la waendeshaji baada ya ajali. Nchi nzima iliona picha, na Rais akaamuru msako. Tangu siku hiyo madereva wengi hujiambia kwamba wakigusa pikipiki watakanyaga mafuta na kusimama kituo cha polisi. Wengine hawasimami hata huko.

Yule wetu hakukimbia. Alitoka mikono juu, makamo ya mtu wa miaka hamsini, akisema, "Bambi, ssebo, nisamehe." Vijana wawili watatu walianza kupiga paa la gari lake kwa viganja. Ndipo akafika mwenyekiti wa steji, mzee mwenye fulana iliyopauka, akasema neno moja la Kisamia ambalo sikulielewa, na viganja vikanyamaza. Nasikia watu wakizungumza juu ya wahudumu wa boda boda kana kwamba wote ni genge moja. Niliyoyaona Busia ni kwamba steji yenye mwenyekiti anayesikilizwa ni kitu tofauti kabisa na kundi la watu wasiojuana lililokutana kwenye makutano ya jiji.

Dakika ya pili na ya tatu ni za wasamaria wema, nao waweza kukuua. Watu hukimbilia kumshika aliyeanguka makwapani na kumsimamisha, kumvua helmeti kwa kuivuta, kumpa maji. Kama mtu hainuki mwenyewe, au analalamika shingo au mgongo, aachwe alipo na magari yazuiwe. Helmeti yake isivutwe ovyo, maana shingo iliyovunjika hutikisika nayo. Mimi nilikuwa nimeshasimama, kwa hiyo waliridhika kunipiga bega na kusema, "Huyu ni mzima!" Aliyekataa ni mama mmoja muuza ndizi. Alinivuta kwa mkono wa shati hadi kwenye kreti yake akasema, "Keti kwanza, mwanangu. Usione umesimama ukadhani umepona."

Mama yule hakusomea udaktari, lakini yuko sawa na madaktari. Mwili ukishtuka humwaga adrenalini kwenye damu, moyo ukaenda mbio na maumivu yakafichwa. Mtu aweza kutembea na mbavu iliyopasuka. Aweza kugonga kichwa, akacheka, akapanda matatu, na saa kadhaa baadaye akaanza kutapika, kusinzia, kuchanganya maneno. Aweza kupigwa na usukani tumboni bila hata mchubuko, kumbe bandama inavuja ndani. Ndiyo maana aliyegongwa hafai kulala peke yake usiku wa kwanza, na mwenziwe amwangalie kwa siku mbili hivi. Kichwa kinachouma kuzidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, tumbo gumu, damu kwenye mkojo: lolote kati ya hayo ni la hospitali usiku huo huo, halingoji asubuhi.

Dakika ya nne hadi ya kumi ni za kumalizana. Neno hili, msomaji, walijua vyema. Dereva alishatoa noti. Alikuwa tayari kumpa kijana Sh2,000 za kioo na indiketa iliyovunjika, na mimi Sh1,000 za "soda", kisha kila mtu ashike njia yake. Njia yake yeye ilikuwa mpaka, na mpaka ulikuwa mbele yetu, mwendo mfupi tu. Akishapita geti, ningemtafutia wapi?

Tena si yeye peke yake aliyetaka yaishe. Kijana alinisogelea akaninong'oneza, "Mkubwa, tukienda polisi pikipiki italala huko." Nikamwuliza ni ya nani. Si yake. Alikuwa akimpelekea mwenyewe Sh300 kila jioni, mvua au jua, na kinachobaki ndicho chake. Pikipiki ikizuiliwa kwa ukaguzi siku mbili, deni la Sh600 halizuiliwi. Aliyenibeba kwa uangalifu ndiye angepoteza zaidi, naye hakuwa na kosa. Umati ulikuwa upande wake, na kusema kweli hata mimi moyo wangu ulikuwa upande wake. Kiganja hakikuwa kimeanza kuuma.

Watu wengi hufanya uamuzi wao hapo, na aghalabu huamua kwa kutazama miguu: nasimama, natembea, basi yamekwisha. Lakini sheria ina njia yake. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, yamtaka dereva wa gari lililohusika katika ajali iliyomjeruhi mtu au kuharibu mali asimame na kutoa jina, anwani na nambari za gari, na asipofanya hivyo aripoti kwa polisi haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 24 kupita. Ukiripoti, tukio huandikwa kwenye kitabu cha matukio nawe hupewa nambari ya OB. Kwa nambari hiyo utapata abstrakti, na bila abstrakti kampuni ya bima haitakusikiliza. Kama umeumia, kuna fomu ya P3 ambayo daktari huijaza. Abiria wa boda boda asifikiri mambo haya ni ya wenye magari. Bima ya lazima ya gari lililokugonga iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye.

Na gari likiwa la nchi jirani? Hapo Busia ina somo ambalo jiji halina. Namba za pikipiki za Kenya huanza na KM, na namba za Uganda huanza na U. Ukiona U, uliza kadi ya njano. Nchi za COMESA zilianzisha mpango huo katika miaka ya 1980 ili gari lenye bima ya Uganda liweze kuwajibika likisababisha hasara Kenya, na la Kenya vivyo hivyo likiwa Uganda. Kadi hiyo hulipia madai ya wengine na matibabu ya dharura. Madereva wa malori huijua kama sala. Wenye magari madogo wanaovuka kununua mayai na kurudi, baadhi yao hawana habari nayo.

Mwenyekiti wa steji ndiye aliyeuliza, si mimi. "Kadi iko?" Dereva akaitoa kwenye droo ya gari, ikiwa haijapitwa na tarehe. Mzee akaniambia nipige picha kwa simu: kadi, leseni, namba zote mbili, bampa, mahali pikipiki ilipolala, na ule mwanya kati ya matrela ambao baada ya nusu saa usingekuwapo tena kwa kuwa foleni ingesonga. Halafu akatoa hukumu yake, ambayo mpaka leo naiona kuwa ya busara kuliko nyingi nilizozisikia mahali penye viti vya kuzunguka. Pesa ya kioo ipokewe, iandikwe kwenye daftari la steji, dereva atie sahihi. Mimi nipelekwe zahanati kwanza. Kisha wote watatu twende kituoni, bila kelele, na mtu mmoja wa steji awe shahidi.

Zahanatini ndipo mkono ulipoanza kusema. Mhudumu alinibonyeza kwenye kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba, nami nikaruka kitini. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu. Nilitaka kuondoka, naye akakataa. Alinieleza kwamba mtu akianguka na kujitegemeza kwa kiganja, kuna mfupa mdogo wa kifundo, wenye umbo la mtumbwi, ambao hupasuka na ufa wake mara nyingine hauonekani siku ya kwanza. Mfupa huo hupata damu kwa shida, na ukiachwa bila kufungwa waweza kukataa kuunga kabisa. Akanifunga gango, akanichoma sindano ya pepopunda kwa ajili ya michubuko ya goti, akaniamuru nirudi hospitali yoyote baada ya siku kumi au zaidi kidogo. Nilirudi nikiwa Nairobi. Ufa ulikuwapo, mwembamba kama unywele. Nilikaa na plasta wiki nane.

Watu husema ajali haina kinga. Usemi huu umezoeleka mno, na nadhani umewapa wengi ruhusa ya kuacha helmeti nyumbani. Tangu 2021 barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na waendesha pikipiki pamoja na abiria wao ni sehemu kubwa ya hao. Ile helmeti iliyolia kama sufuria ilikuwa na alama ndogo tu upande wa kushoto. Nilimwomba kijana asiivalishe abiria mwingine, kwa sababu sponji ngumu ya ndani hubonyea mara moja tu kwa kazi hiyo, nayo hairudi. Akanitazama kama mtu anayehesabu. Nikaelewa, nikamnunulia nyingine dukani kabla hatujaenda polisi.

Kituoni hatukukaa sana. Dereva alikiri ametokeza bila kuona, akaandikwa, nambari ya OB ikatolewa. Yeye alivuka mpaka kesho yake. Bima yake, kwa njia ya ile kadi, ililipa gharama zangu za matibabu baada ya miezi saba na barua nyingi. Kioo na indiketa zilinunuliwa sokoni kwa zile Sh2,000, na chenji ikabaki.

Pikipiki ilikaguliwa siku ya pili, ikaachiliwa jioni. Nilimpigia kijana simu kumwuliza habari za deni la mwenye pikipiki. Alisema wenzake wa steji walichanga Sh600 zikalipwa, naye atazirudisha kidogo kidogo. Zile siku mbili alizokaa bila kazi, bima gani ingezilipa? Aliniuliza hivyo, kisha akakata simu kwa kuwa alikuwa amepata abiria.